Mzigo Mgongoni mwa Kaa

Katika historia ndefu ya vita kati ya binadamu na wadudu, sijui kisa cha ajabu kuliko kile cha bonde la Kodera, Nyanza ya Kusini, nchini Kenya. Mwaka 1946 sumu ilimiminwa mtoni ili kumwangamiza mdudu ambaye hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuona mahali anapokulia. Naye akaangamia kweli. Miaka minne ikapita ndipo wataalamu wakagundua alikuwa akijificha wapi.

Mdudu mwenyewe ni usubi. Watu wa pwani jina hili hulitumia kwa vile vijidudu vinavyoumauma jioni kando ya mikoko, lakini usubi ninayemzungumzia hapa ni mwingine. Ni mweusi, mwenye kibyongo, urefu wake haupiti milimita tatu, na huuma mchana, karibu na mito iendayo kasi. Jike akiuma hunyonya damu, na pamoja na damu huokota vijinyoo vidogo sana vilivyomo katika ngozi ya mgonjwa, kisha akavipeleka kwa mtu mwingine. Mwaka 1926 Blacklock, akifanya kazi Sierra Leone, ndiye aliyethibitisha jambo hili. Mnyoo mzima huishi chini ya ngozi kwa miaka kumi na zaidi, na muda wote huo huzaa. Wanawe hutembea katika ngozi, ikawasha mtu hata akajikuna kwa kigae. Na wakifika machoni, baada ya miaka mingi, humtia upofu. Katika mabonde kama Kodera mzee aliyeongozwa na mtoto kwa ncha ya fimbo hakuwa kioja. Alikuwa jirani.

Upande wa pili wa kisa ni dawa. DDT ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1874 na mwanakemia aliyeitwa Othmar Zeidler, ambaye hakuwa na habari kwamba ametengeneza kitu cha kuua wadudu. Ilikaa hivyo miaka 65. Mwaka 1939 Paul Müller, wa kiwanda cha Geigy mjini Basel, Uswisi, aliijaribu kwa wadudu na kuona inaua kwa kuguswa tu. Vita Kuu ya Pili ikaipa kazi: askari na raia walipuliziwa unga wake dhidi ya chawa, na homa kali ya chawa ikazuiwa. Müller alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1948. Kwa hiyo mwaka 1946, vita vikiwa vimekwisha na viwanda vikiendelea kuifyatua kwa wingi na kwa bei nafuu, lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwa mganga wa serikali katika koloni lolote kujiuliza: je, na huku kwetu nako?

Waliojiuliza hivyo Kenya walikuwa Garnham na McMahon. Tatizo lao lilikuwa hili. Usubi wa Kodera, Simulium neavei kwa jina la kitaalamu, alikuwa akikamatwa kila siku akija kuuma, lakini viluwiluwi vyake havikuonekana. Usubi wa aina nyingine walijulikana vizuri: viluwiluwi vyao hujishikiza kwenye mawe na majani yaliyozama, pale maji yanapokwenda mbio, wakichuja chakula kwa vipepeo viwili vilivyo kichwani. Basi watu waligeuza mawe, wakachomoa nyasi, wakachunguza vijiti na mizizi. Wakapata usubi wa kila aina ila huyo wanayemtaka. Hatimaye wakakata shauri: popote alipo, hawezi kuwa nje ya maji, tutatia sumu katika maji yote.

DDT haiyeyuki katika maji. Ilibidi iyeyushwe kwanza katika mafuta, ndipo ikorogwe hata iwe nyeupe mfano wa tui, na kudondoshwa mtoni kwa kipimo, kisha kurudiwa tena na tena kwa sababu usubi wakubwa waliokuwa msituni waliendelea kutaga. Mafanikio yalipimwa kwa njia moja: vijana wa Kiafrika walikaa miguu wazi kando ya mto, wakawakamata usubi waliokuja kuwauma, na idadi ikaandikwa. Majina ya vijana hao hayatajwi katika simulizi za kisayansi, ingawa ngozi zao ndizo zilizokuwa chombo cha kupimia. Idadi ilishuka, ikashuka, ikawa sifuri. Usubi wa Kodera alikuwa ametoweka.

Ndipo mwaka 1950, katika jarida la Nature, McMahon na mwenzake van Someren walipotangaza alikokuwa: mgongoni mwa kaa. Si kaa wa baharini, bali kaa wa mito ya maji baridi. Kiluwiluwi hujishikiza kwenye gamba la kaa, hula humo, hukua humo, hugeuka bundo humo, na hatimaye hutoka akiwa na mabawa. Wale waliogeuza mawe walimwona kaa akikimbia wakamwacha akimbie, kwani walikuwa hawatafuti kaa. Ukifikiri utaona kwamba mdudu huyu hakuchagua vibaya. Jiwe halihami maji yakipungua, lakini kaa huhama.

Hapa sina budi kusema kwamba habari hizi mimi sizisomi kama mgeni. Nilikulia Usambara ya Mashariki, na kwa miaka mingi nimefundisha somo la baiolojia kwa watoto wa milima hiyo. Vijito vyetu vina jamaa wa karibu wa usubi yule, aitwaye Simulium woodi, naye vilevile hupanda kaa. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi kijitoni chini ya shule na kuwaambia wamkamate kaa kwa nyuma, kati ya magando, wamgeuze taratibu, watazame kwenye maungio ya miguu na kuzunguka mdomo. Mara nyingi hukuti kitu. Lakini siku ukibahatika utaona vijifuko vya rangi ya udongo, vyenye umbo la ndara, vimebanwa kwenye gamba kana kwamba vimeshonwa. Hicho ndicho kitu ambacho wasomi walikitafuta kwa miaka. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, “Mwalimu, kaa hajui kwamba amebeba?” Nikamwambia aandike swali hilo katika daftari, maana sikuwa na jibu la kumpa.

Turudi mtoni. Kaa mkubwa aweza kustahimili kiasi cha DDT kinachomuua kiluwiluwi aliye mgongoni mwake, na ndiyo maana kaa wapo mpaka leo katika mito ya Kenya. Lakini mto si kaa na usubi peke yao. Geuza jiwe lolote la kijito kizima utakuta mji. Kuna wale wadudu bapa wenye mikia kama nyuzi ambao hukaa majini kwa miezi, halafu wakishapata mabawa huishi siku moja au mbili tu, bila hata kula. Kuna wafumaji wanaotega vyavu vya hariri kati ya mawe mawili, na wengine wanaojijengea vijumba vya punje za mchanga na kutembea navyo. Kuna watoto wa kereng'ende, wawindaji wakali, wenye mdomo unaochomoka kama mkono. Kuna uduvi, konokono, ruba, minyoo, na wadogo wengine ambao lugha yetu haijapata kuwapa majina, pengine kwa sababu hawajawahi kutuuma wala kulika.

DDT ikifika kwa hawa hufanya kazi katika mishipa ya fahamu. Mshipa wa fahamu hupeleka habari kwa kufungua vijilango na kupitisha chembe za sodiamu, kisha kuvifunga mara moja. DDT huvizuia vijilango hivyo visifunge vizuri. Habari moja ikitumwa, hujirudia na kujirudia bila kikomo. Mdudu huanza kutetemeka, miguu ikamwasi, akaachia jiwe. Katika mto wenye kasi, kuachia jiwe ndio mwisho, hata kabla ya sumu kummaliza. Wachunguzi walioweka vyavu chini ya mahali palipotiwa dawa mahali mbalimbali duniani wameona jambo lile lile: saa chache tu baadaye maji hubeba wadudu kwa maelfu, wengine wakiwa bado wanarusha miguu.

Na sumu hii haiui wote sawa. Konokono na minyoo huvumilia DDT vizuri sana. Wanaokwenda kwanza ni wadudu na jamii ya uduvi, hasa wale wanaochuja maji kwa vyavu na vipepeo, kwa sababu DDT hupenda kunata kwenye chembe ndogo zinazoelea, na hizo ndizo chakula chao. Mdudu anayejua sana kukusanya chakula hukusanya na kifo. Halafu, sumu ikishapita, wanaorudi mapema ni wale wadogo wenye kuzaa upesi. Wawindaji, ambao hukua polepole, huchelewa sana. Kwa muda kijito huweza kuwa na wadudu wengi kuliko mwanzo, na mtu asiyejua akasema mto umepona, kumbe ni nyumba iliyoingiwa na wapangaji wa aina moja tu.

Lakini haya ya Kodera nani aliyahesabu? Kilichoandikwa kila siku ni usubi waliokamatwa miguuni. Nina mfano wa kulinganisha. Mwaka 1954, katika jimbo la New Brunswick nchini Kanada, ndege zilinyunyiza DDT juu ya misitu ili kuwaua viwavi waharibuo miti. Sumu ikaangukia mto Miramichi. Wadudu wa mtoni wakatoweka karibu wote, na samaki wachanga aina ya samoni wakafa kwa sumu na kwa njaa. Tunajua hivyo kwa uhakika kwa kuwa wataalamu wa uvuvi walikuwa wakiwahesabu samaki wa mto huo tangu 1950, miaka minne kabla ya ndege kuja. Rachel Carson akakieleza kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring, na dunia ikasikia. Samoni walikuwa na wenyewe: kulikuwa na wavuvi, na fedha, na ofisi ya serikali yenye daftari. Uduvi wa Kodera hakuwa na ofisi.

Kazi haikuishia Kodera. Katika miaka ya 1950 McMahon na wenzake walitia dawa bonde baada ya bonde magharibi mwa Kenya, na ripoti yao ya mwaka 1958, iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani, ilitangaza kwamba Simulium neavei ameondolewa nchini. Uganda nako, Nile yenyewe ilitiwa DDT pale Jinja, mahali palipokuwa pakijengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Usubi wa huko ni wa aina nyingine, hahitaji kaa, naye alikuwa akiwauma watu wa Busoga na kuwasumbua wajenzi wa bwawa. Hapo walau alitokea mtu wa kuuliza juu ya wengine. Mtaalamu wa wadudu P. S. Corbet, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha uvuvi cha Jinja, alichapisha mwaka 1958 makala juu ya athari za DDT kwa viumbe wa Nile ya Victoria. Lakini yeye alifika dawa ikiwa imekwisha anza kutiwa. Ni kama karani anayeitwa kuandika mali ya duka siku ya pili baada ya moto.

Sasa nifike pale ambapo kila nikipafikia husita. Je, ningekuwa mimi ndiye mganga wa Nyanza mwaka 1946, ningefanya nini? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1967 ulionyesha kwamba maambukizi ya Kodera yalikwisha. Kizazi kilichozaliwa baada ya dawa kilikua bila ugonjwa ule. Watu hao leo ni wazee wenye macho. Wamewaona wajukuu wao. Huku kwetu Usambara mito yetu haikutiwa DDT kwa ajili ya usubi. Kaa wetu wakabaki na mizigo yao, na vijito vikabaki na miji yake chini ya mawe, kila mkazi mahali pake. Nasi tukabaki na ugonjwa wetu. Nimewaona watu wazima ambao ngozi ya miguu yao imebakia na madoa meupe kama ngozi ya chui, na wanawake wasiolala usiku kwa kujikuna. Vidonge vya ivermectin, ambavyo kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuvitoa bure, vilivifikia vijiji vingi vya Afrika baada ya mpango wa APOC kuanzishwa mwaka 1995. Kutoka 1946 hadi hapo ni karibu nusu karne. Mtu anayependa kijito kama ninavyokipenda mimi hana budi kulitamka jambo hilo waziwazi kabla ya kufungua mdomo kuwalaumu waliomimina.

Kwa hiyo lawama yangu si kwamba walimimina. Ningemimina nami, nathubutu kusema, na mkono usingetetemeka. Lawama yangu ni ndogo zaidi, na kwa maoni yangu ni nzito zaidi: wiki moja tu kabla ya dawa ya kwanza, mtu mmoja mwenye wavu na daftari angeweza kukaa mtoni akaandika nani yumo. Gharama yake ingekuwa chini ya gharama ya pipa moja la dawa. Jamii ambazo hazikuandikwa haziwezi hata kutangazwa kuwa zimepotea.

Wala si ndoto, baadaye ilifanyika. Mwaka 1974 ulianza mpango mkubwa wa kupambana na usubi Afrika Magharibi, katika bonde la mto Volta, ukishirikisha nchi saba kwa kuanzia na baadaye kumi na moja. Helikopta zilitia dawa mitoni kila wiki. Dawa iliyochaguliwa haikuwa DDT, ambayo Marekani ilikuwa imekwisha ipiga marufuku kwa matumizi mengi mwaka 1972, bali temephos, isiyokaa muda mrefu na isiyodhuru sana samaki. Na pamoja na marubani walipelekwa watu wa vyavu. Walihesabu wadudu juu ya mawe na wadudu waliochukuliwa na maji, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Waliona baadhi ya jamii zikipungua na nyingine zikirudi, na pale usubi walipoanza kuizoea temephos, mwanzoni mwa miaka ya 1980, dawa mpya zilipimwa kwanza kwa wakazi wengine wa mto kabla ya kukubaliwa. Mojawapo ni Bti, ambayo ni bakteria na huwalenga zaidi viluwiluwi vya usubi na mbu. Mpango ulifungwa mwaka 2002, na mito ile bado ina wadudu. Mabonde yaliyokuwa yamehamwa yakalimwa tena.

Daftari hizo zilifundisha jambo jingine, nalo lina manufaa hata pasipo usubi. Mtu aliyezoea kuhesabu wadudu wa mto huweza kuusoma mto kama daktari asomavyo ulimi wa mgonjwa. Maji yanayotoka kiwandani huenda yasiwe na rangi wala harufu siku unayokwenda kuyapima, kwa kuwa mwenye kiwanda aweza kuyafungulia usiku. Lakini wakazi wa chini ya mawe walikuwapo usiku huo. Ukikuta minyoo na vile viluwiluwi vyekundu vya visubi visivyouma, na hakuna hata mmoja wa wale wenye mikia ya nyuzi, umepata ushahidi ambao hauoshwi na mvua moja. Tanzania nayo katika miaka ya 2010 ilipata kipimo chake cha namna hiyo, kiitwacho TARISS, kinachoipa kila jamii ya wadudu wa mtoni alama kulingana na uwezo wake wa kuvumilia uchafu. Wafumaji wetu wa vyavu sasa wamo katika orodha, wakiwa na alama zao.

Uganda pia walijifunza. Katika msitu wa Itwara, upande wa magharibi, Simulium neavei alikuwa bado anaishi vilevile kama alivyoishi Kodera. Kuanzia mwaka 1995 vijito vya huko vilitiwa temephos kwa vipimo vidogo, huku watu wakigawiwa ivermectin. Safari hii kila mtu alijua pa kutazama. Kaa walitegwa kwa vipande vya nyama, wakakaguliwa mmoja mmoja, gamba, magando na maungio ya miguu. Idadi ya viluwiluwi ikaandikwa, ikapungua, ikawa sifuri. Na kila kaa alipokwisha kukaguliwa alirudishwa kijitoni.